Kwa Fundi, Mechi Ilikuwa Haijafika

Ukitaka kumkasirisha Fundi, mwambie nani kashinda kabla hajakuuliza. Nimewaona watu wazima wakitolewa nyumbani kwake kwa kosa hilo. Mmoja alitolewa na kikombe cha kahawa mkononi, akaenda nacho mpaka kwake, na hakuthubutu kukirudisha ila wiki ya pili, alipopata habari kwamba ameshasamehewa.

Namwita Fundi kwa sababu ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini alilitumia kwa mambo ya serikali tu. Alikuwa mwanamke mshoni wa mtaa wa Jibruh, Matrah, huku Oman, nyumba ya pili kutoka yetu. Tulifika kutoka Unguja mwaka mmoja, wa sitini na nne, katika mkumbo ule ule, na tukawa majirani mpaka mwaka wa sabini. Mimi nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu. Yeye alikuwa mjane mwenye cherehani moja na mtoto mmoja wa kiume, Seif, wa miaka kumi na saba.

Cherehani ilibaki, mtoto hakubaki. Skuli za Maskati wakati ule ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vingine vikasalia, kwa hivyo kabla mwaka haujaisha Seif alipanda meli kwenda Kuwait kutafuta masomo. Akaanza na madarasa ya matayarisho, kisha akaingia chuo cha ufundi, na kwa kuwa alikuwa mrefu, tena mtoto wa mama yake, akachukuliwa katika timu ya basketi ya chuo. Kuondoka kulikuwa rahisi. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Aliyetoka kwenda kusoma bila ya rukhsa ya Sultani hakujua kama ataachiwa kushuka akirejea. Tulisikia habari za vijana waliofika mpaka bandarini, wakaziona nyumba zao kwa macho, kisha wakaambiwa waendelee na meli mpaka Karachi.

Basi kila mwaka joto likivunjika, vyuo vya Kuwait vilifungua ligi yao, na sisi wa Jibruh tukashikwa na homa. Mechi ya kwanza ndiyo iliyokuwa kubwa, kwa sababu walipangiwa daima wale mahasimu wao wa chuo cha pili, na kwa sababu watu wa vilabu vikubwa walikuja kukaa kwenye viti vya mbele kutazama nani wa kuchukuliwa. Seif aliandika barua mechi ikiisha tu. Barua ikangoja meli, meli ikaja kituo kwa kituo, posta ikachambua pale Maskati mjini, na mtu mwenye safari ya kuvuka mlima akatuletea Matrah. Ikitufikia, mechi imeshapita siku kumi, mara nyingine zaidi.

Na hapo ndipo Fundi alipoanza kuiombea.

Barua haikufunguliwa siku ilipofika. Iliwekwa juu ya cherehani, chini ya kasha la vifungo, ikangoja Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikaa sebuleni, wanawake tukakaa ukumbini, pazia katikati, na kahawa inazunguka pande zote mbili. Kisha kila mmoja akatakiwa aseme mambo mawili: khofu yake na tumaini lake. Wewe unakhofu nini katika mechi hii, na unatumai nini. Mtu hakuruhusiwa kusema "sina". Wote wakishasema, Fundi anaitikia "Amin", ndipo bahasha inakatwa, tena kwa mkasi wake, wala si kwa kidole. Desturi hii alikuja nayo kutoka Unguja, ila kule, alikiri mwenyewe, walikuwa wakiifanya siku moja kabla ya mechi, kama watu wenye akili.

Maalim wetu, aliyekuwa akisomesha Qur'ani nyumba ya kona, alikuja mwaka wa kwanza akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka kikombe chini.

"Bi Fundi, mechi hii imekwisha siku kumi na moja leo. Aliyefungwa keshafungwa. Sasa sisi tunaomba nini?"

"Kwao imekwisha, Maalim. Kwangu haijafika."

"Lakini jambo limeshakadiriwa na limeshapita."

"Wewe umeliona likipita?"

Maalim alikwenda kupekua vitabu vyake, akarudi Ijumaa ya pili akasema hakuona kitu cha kumkataza wala cha kumruhusu, kwa hivyo atakuwa akihudhuria ili aangalie tusivuke mpaka. Mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kufika, na khofu yake aliitoa kwa sauti kubwa kuliko sote: alikuwa akimwogopa mchezaji mmoja mrefu wa upande wa pili, mtu ambaye yeye Maalim hajamwona, hatamwona, na hata jina lake halijui.

Mjukuu wangu leo anachezea chuo chake hapa hapa Maskati. Nimekaa Al Khuwair, katika fleti yenye ubaridi mwaka mzima, na wenzake wananirushia matokeo kwenye simu kila mpira ukiingia kikapuni. Najua kila kitu papo hapo, na mechi ikiisha mimi nimeshachoka. Siwasemi vibaya, watoto wana mapenzi yao. Lakini khofu ya kweli, ile ya kukaa na bahasha siku tano na ukaipita kila ukienda kuazima chumvi, hiyo hawaijui.

Watu walishangaa mwanamke mtu mzima, mshoni, aijue basketi namna ile. Mimi sikushangaa, kwa sababu nilikuwa nikiijua nyumba yao ya Unguja. Dirisha la juu lilitazama uwanja wa chuo, na cherehani ilikuwa dirishani kwa sababu ya mwanga. Miaka kumi na moja alishona huku macho yake yako chini uwanjani. Hajapata kuukanyaga uwanja wenyewe hata mara moja. Lakini mchezaji akipiga hatua tatu na mpira mkononi, ilisikika sauti kutoka juu, "Miguu!" na walikuwapo watu walioapa kwamba refa alikuwa akitupa jicho dirishani kwanza kabla ya kupuliza filimbi. Ukimwambia kwamba yeye ni shabiki mkubwa, alikasirika. "Mie sipendi basketi," alisema. "Nnaiangalia tu."

Kule Matrah, dirisha lake lilitazama ukuta. Kwa hivyo alijichorea uwanja mwenyewe kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya meza, na wachezaji wakawa vifungo. Vya kijani timu yetu, vyeupe mahasimu, na kifungo kimoja kikubwa cha koti, cheusi, ndiye Seif. Mimi nilisoma barua, maana nilikuwa na darasa zangu nane na sauti yangu ilivuka pazia, na yeye akavisogeza vifungo kufuata nilivyosoma. Nikisoma haraka alinishika mkono. "Pima tena, bi harusi." Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ukimletea umbea, "pima tena." Ukimwambia bei ya kitambaa imepanda, "pima tena." Na mimi alinihesabu bibi harusi mpaka nilipokuwa na watoto watatu, wa tatu yuko mgongoni.

Mkasi wake ulining'inia kifuani kwa utepe mweusi, na hakumwazima mtu. Chakula angekupa cha kwake akalala na njaa. Siku nilipojifungua mtoto wa kwanza alinilea siku arubaini, akanipikia, akanifulia, na ilipofika siku ya kukata uzi wa hirizi ya mtoto, nikamwomba mkasi, akaniambia nitumie meno. Hapendi kelele, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa na kelele kuliko zote mtaani. Alikuwa akimwonea huruma kila kiumbe, hata paka aliyemlia samaki, lakini refa wa Kuwait alimlaani kwa barua, kwa maneno ambayo mimi niliyeandika niliyapunguza makali kabla ya kuyatia kwenye karatasi.

Mwaka wa sitini na sita Seif aliandika kwamba chuo chao kina jezi chakavu, mama yake akasema, "Sasa mshoni yuko wapi?" Akapata kitambaa kizuri cha kijani, akashona seti kumi, fulana na kaptura, pindo limepigwa mara mbili, nambari zimetiwa kwa mkono. Kaptura alizishusha chini ya goti, kwa sababu mpira ni mpira na sitara ni sitara. Tulizitandaza ukumbini mtaa mzima ukaja kuzitazama. Mpika haluwa, jirani yetu Mwomani wa Matrah ambaye Afrika hajaiona ila Kiswahili amekifundishwa na sisi, alizishika shika akasema, "Zein, nzuri sana, wallahi hawa watashinda kwa nguo peke yake."

Zikapelekwa na msafiri. Jibu lilikuja baada ya mechi. Nikasoma: jezi zimefika, zimependwa na kila mtu, mwalimu wa mchezo ameshukuru. "Ila, mama, nimerefuka."

Fundi akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akasema, "Pima tena." Nikasoma mara ya tatu, pole pole, na bado ilikuwa ile ile. Alikuwa amekata jezi kumi kwa kipimo cha kichwani mwake, na kichwani mwake Seif alikuwa bado na miaka kumi na saba, amesimama pale Matrah na mkoba wake, siku aliyoondoka. Kati ya wachezaji kumi, jezi zilimwingia mmoja tu, mfupi wao. Timu ilicheza na chakavu zake ikafungwa. Mashabiki walicheka mpaka pazia likatikisika, na Fundi alicheka nao, lakini mimi niliyekuwa karibu niliona anaiangalia mikono yake.

Baada ya hapo alimwagiza Seif alete kipimo kwa uzi. Mafundi wa zamani walikuwa wakifanya hivyo kwa mteja wa mbali: uzi unashikwa bega kwa bega, unafungwa fundo, kifua kina fundo lake, urefu una fundo lake. Kila mwaka kabla ya msimu, bahasha ilikuja na uzi ndani, na uzi ukishatumika aliutundika kwenye msumari ukutani. Mwaka wa sitini na saba bega lilikuwa limeongezeka vidole viwili. Sitini na nane, kidole kimoja. Sitini na tisa halikuongezeka. "Basi," alisema akiulinganisha na ule wa nyuma, "mtoto amekwisha kukua, na mimi sikumwona hata siku moja akikua." Akaanza kukata.

Mwaka wa sitini na nane ndio tulioshinda. Mpika haluwa kila mwaka tumaini lake lilikuwa moja: vilabu vikubwa vimwone Seif vimchukue, apewe kazi, apewe nyumba, apewe pasi ya kule, awe mtu. Alilisema kwa moyo mweupe na sote tukaitikia. Khofu ya Fundi nayo, tangu aanze kushona jezi, haikubadilika: "Nnakhofu rangi itachuja." Watu wakacheka. Tumaini lake: "Nnatumai hapana aliyeumia." Tukaona ni unyenyekevu wa mwenye mtoto. Bahasha ikakatwa, nikasoma, na nilipofika mahali ambapo zimebaki sekunde chache na mpira uko mkononi mwa Seif, kifungo cheusi kilisimama mezani hakiendi. Nikasoma kwamba umeingia. Sebule ililipuka. Maalim alipiga takbiri kwa mechi iliyokwisha siku kumi na mbili. Chini ya barua Seif ameandika kwamba klabu moja imemwita kuzungumza.

Fundi akainuka. "Ngojeni niutafute mkasi," akasema, akaingia chumbani, akakaa muda. Mkasi ulikuwa kifuani pake. Niliuona ukicheza cheza alipokuwa akiinuka.

Sikuuliza. Aliniambia mwenyewe mwaka uliofuata, asubuhi moja tunapiga mapindo ya jezi mpya, yeye na cherehani, mimi na sindano. Nikasema tu, kuchangamsha mazungumzo, "Mwaka huu tunashinda tena, Bi Fundi. Tutake tusitake."

Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Bi harusi, unaweza kuhifadhi neno?"

"Naweza."

"Mie nnaomba wafungwe."

Nikadhani ni utani, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa mwanzo."

"Na jezi zote hizi?"

"Jezi ni kazi. Kazi siiharibu kwa ajili ya moyo wangu." Akautazama msumari wa nyuzi. "Wakishinda watamchukua mwanangu. Watampa nyumba, watampa pasi, watamwoza binti yao. Nani atoke huko aje Jibruh kunusa moshi wa haluwa? Lakini akifungwa, akafungwa, akafungwa, iko siku atachoka, atasema, bora kwetu."

"Na akija wakamkatalia kushuka?"

"Nitapanda mashua nimwone juu ya meli. Hata kumwona tu, bi harusi. Nimeshika mabega yake kwenye uzi miaka yote hii."

Sitaficha: nilikasirika. Miaka minne nilikuwa nimeomba kwa dhati, nimefumba macho, nimetaja mpaka kifundo cha mguu cha mtoto wa mwenzangu, na kumbe mwenyewe amekaa ubavuni mwangu anaomba kinyume. Siku mbili sikwenda kwake. Siku ya tatu aliniletea sahani ya vitumbua, akaiweka mlangoni, akaondoka. Nikavila vyote, nikaenda kumalizia mapindo. Mtoto wangu wa tatu alikuwa ameanza kutambaa siku zile, na kila alipofika kizingitini nilimrudisha kwa mguu. Sasa nilielewa.

Ijumaa ya mwaka ule, zamu yangu ilipofika sikujua niseme nini. Nikitaka tushinde namuumiza huyu, nikitaka tufungwe nawahini wale wa upande wa pili wa pazia. Nikasema nakhofu mvua, na Kuwait nzima hainyeshi. Bahasha ikakatwa. Tulikuwa tumefungwa, tena vibaya. Mpika haluwa alitoka bila ya kuaga, akasahau viatu. Watu walipokwisha kutawanyika nilimkuta Fundi jikoni, amesimama mbele ya jiko lisilowashwa, analia.

"Si ndivyo ulivyotaka?" nikamnong'oneza.

"Ndivyo nlivyotaka," akasema, anajipangusa kwa upande wa leso. "Lakini si kwa pointi ishirini na tatu! Mwanangu ataweka wapi uso wake?"

Mwaka wa sabini tulipata Sultani mpya, mambo yakafunguka. Yaliyofunguka yalikuwa mengi na wengine wameshayaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nasema moja: waliotoka walianza kurudi, na wakaachiwa kushuka. Fundi hakumwandikia Seif kumwita. Nilimuuliza kwa nini, akasema amwite kwa lipi, ana chuo chake, ana klabu yake, ana ligi inataka kufunguliwa. Uzi wa mwaka ule ulikuja mapema, akashona jezi kama kawaida, akazituma. Nyumba yake nilianza kuiona kubwa. Alikuwa akiuliza habari za meli kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

Alkhamisi moja asubuhi nilikuwa kwake natia vifungo kwenye shati la mtu. Mlangoni akasimama mtu akaziba mwanga wote. Niliinua uso nikaona kifua, ikabidi niinue zaidi. Fundi alikuwa amempa mgongo, anatia uzi kwenye sindano.

"Mama," akasema yule mtu.

Hakupiga kelele, wala hakukimbia. Aligeuka, akamtazama kuanzia viatuni kwenda juu, akasema, "Simama hapo hapo." Akaenda ukutani akautoa uzi wa mwisho kwenye msumari, akamzunguka nyuma, akapanda juu ya kigoda, akaunyoosha mgongoni, bega kwa bega. Fundo lilianguka pale pale. Akaushikilia vile vile, kisha akaweka paji la uso wake katikati ya mabega yale na hakuliondoa. Nami nikachukua shati la watu nikaenda kulilia kwangu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na hapana aliyehitaji kualikwa. Sebule ilijaa mpaka barazani. Ukumbini tulibanana wanawake hata wa mitaa ya mbali, na Fundi amekaa mahali pake karibu na pazia, na leso mpya. Kahawa haijazunguka hata mara moja, mpika haluwa akashindwa kuvumilia.

"Haya, Seif, ya akhi, tuambie. Mechi ya kwanza. Tumeshinda?"

Nilimtazama Fundi, nikajua sasa mtu atatolewa na kikombe chake. Lakini Seif alijibu kabla yake.

"Sijui, ami."

"Hujui vipi? Wewe si ndiye uliyecheza?"

"Sikucheza. Meli iliondoka siku mbili kabla. Mwalimu wetu aliniomba ningoje mechi ya kwanza tu, kisha nende. Nikamwambia, mwalimu, meli hii imesema itanishusha kwetu. Ya baadaye nani anaijua? Jezi yangu nimemwachia mwenzangu, naye ndiye atakayetuandikia barua."

"Na ile klabu?" akauliza mume wangu.

"Nimewaaga. Nimekuja kukaa."

Maalim akakohoa. "Kwa hesabu yangu," akasema, "mechi hiyo imechezwa siku nne zilizopita." Akangoja, na tukangoja naye. "Lakini haijafika. Basi na tuanze. Mgeni ndiye aanze."

Sijapata kusikia kicheko kama kile katika nyumba ile. Seif, ambaye kwa miaka yote ile ndiye tuliyemwombea, alikaa mkekani miguu haina pa kuiweka, akatakiwa atoe khofu yake kama sisi.

"Khofu yangu," akasema, akafikiri sana, "nakhofu wameshinda bila ya mimi." Watu wakacheka tena. "Na tumaini langu ni hilo hilo."

Zamu ikaenda. Maalim alimwogopa yule mrefu. Mpika haluwa alisema sasa hana wa kumtumainia kule, kwa hivyo atatumaini kwa ajili ya wote, na sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kwa sababu miaka yote alikuwa amemtakia mtoto wa watu makubwa na mtoto amekuja kukaa mkekani. Mume wangu alisema lake. Zamu ikavuka pazia, nami nikasema langu, la kweli, sikutaja mvua. Kisha ikafika kwa Fundi, na wanaume wakaanza kumtangulia kwa utani, "Rangi itachuja! Rangi itachuja!"

"Rangi haichuji," akasema. "Nimeitia chumvi mara tatu. Mwaka huu sina khofu."

"Hapana asiye na khofu humu," akasema Maalim. "Sheria ni yako mwenyewe."

"Basi niandikieni deni la khofu. Tumaini ninalo." Akaiweka mikono yake magotini, mikono ile ya sindano, na sauti yake ikatoka ndogo. "Nnataka tushinde. Nnataka tuwafunge, na kesho wakutane nao tena wawafunge tena. Wachukue vikombe vyote. Nnataka tushinde sana."

Waliitikia "Amin" sebule nzima, kwa furaha, kama mtu anavyoitikia dua aliyoizoea. Mimi peke yangu, katika watu wote wale, ndiye niliyejua kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kuiomba. Kahawa ikazunguka, watu wakaanza kubishana kuhusu barua itafika lini. Mkasi ulikuwa kifuani pake, na safari hii hakuinuka kwenda kuutafuta.